Uzi: Poka, acha kumtazama mtu usoni, soma madau yake

#1 KarataTano

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, vuteni viti.

Ijumaa iliyopita nililiwa 18,400 kwa mkono mmoja (yaani mgao mmoja wa karata), kwenye meza yetu ya kila wiki ya marafiki sita. Kiingilio ni elfu ishirini, kwa hiyo hesabuni wenyewe kilichobaki. Nilivyoliwa inaniuma kuliko hela yenyewe, maana nilipewa taarifa zote mapema nikakataa kuzisikiliza.

Kwanza tuelewane maneno, maana kila meza ina lugha yake. Kupita ni kukaa bila kuweka dau. Kufuata ni kulipa dau la mwenzako. Kupandisha mnakujua, kutupa mnakujua. Pesa zote zilizo katikati ya meza mimi naziita mzigo. Mkwara ni mkwara, sihitaji kumfundisha Mtanzania. Mchezo ni Texas Hold'em: unapewa karata mbili za siri, mezani zinafunuliwa tatu kwa mpigo (flopu), halafu ya nne, halafu ya mwisho. Kila hatua ina raundi yake ya madau.

Sasa mkono wenyewe. Madau ya lazima 100 na 200. Nina A ya kopa na K ya uru, naweka 600. Wote wanatupa isipokuwa jamaa mmoja fundi wa AC, mtu mpole, mbahili wa kupindukia. Anafuata. Mzigo 1,300.

Flopu: K ya pau, 9 ya kopa, 4 ya shupaza. Fundi anapita, naweka 800, anafuata. Mzigo 2,900.

Ya nne: 7 ya uru. Fundi anapita, naweka 2,000. Anakohoa kidogo, anapandisha hadi 6,000. Nafuata. Mzigo umefika 14,900.

Ya mwisho: 2 ya kopa. Fundi anasukuma zote alizonazo, 11,000. Na hapo ndipo nikaona mkono wake unatetemeka. Vile vidonge vya plastiki tunavyochezea badala ya noti vilikuwa vinagongana kama meno ya mtu mwenye homa.

Nikajisemea, huyu anaogopa, huu ni mkwara. Nikafuata. Akafunua 4 mbili. Pamoja na ile ya mezani ni tatu, mimi na jozi yangu ya K nikabaki nimekodoa macho.

Baadaye nikiwa kwenye bajaji narudi nyumbani nikarudisha mkanda. Mtu akishika karata kubwa mwili unapata msisimko, na mkono hutetemeka kwa hilo zaidi kuliko kwa woga. Wachezaji wazoefu wanajua hivyo, na mimi nilikuwa nimewahi kusikia. Lakini hata kama nisingeuona mkono, madau yalikuwa yamesema kila kitu:

Alipita, akafuata, akapita, halafu akapandisha mara tatu ya dau langu kwenye karata ya nne. Mezani kulikuwa hakuna aina iliyojitokeza mara mbili kwenye flopu, kwa hiyo hakuna wa kusubiri flashi (karata tano za aina moja). Wa kusubiri mfululizo (karata tano zinazofuatana) ni nani? Mwenye 10-8, 8-6 au 6-5, ambaye kwenye flopu alikuwa na hewa tupu (hana kitu), au mwenye mbili kati ya Q, J na 10, ambaye kwenye flopu alikuwa anasubiri karata ya namba moja tu. Ili fundi awe na mojawapo ya hizo, ilibidi alipe 800 zake kwa hewa au kwa tumaini jembamba. Fundi huyu! Mtu anayegawana nauli ya bajaji kwa kikokotoo.

Na kwa masaa matatu alikuwa amepandisha mara mbili tu, zote mbili akafunua karata nzito. Nilikuwepo. Niliona. Nikachagua kuangalia vidole.

#2 Ngalawa

Siti ya mbele hapa. Endelea mkuu.

#3 Ustaadhi wa Mtaa

Kamari ni kamari hata uipake rangi ya hesabu. Mungu atusamehe.

#4 KarataTano

@Ustaadhi nimekusikia na sibishani nawe, uko sahihi kwa imani yako. Kwa wengine: chezeni pesa ambayo ikipotea hamtaihadithia kwa machozi. Mimi nimeihadithia bila machozi, kwa hiyo bado niko ndani ya mpaka.

Tuendelee. Wengi tumejifunza poka kwenye filamu, tukaamini mchezo ni miwani ya jua na kukaziana macho. Januari 2017, kwenye kasino moja ya Pittsburgh, Marekani, programu ya kompyuta inayoitwa Libratus, iliyotengenezwa na Tuomas Sandholm na Noam Brown wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilicheza na mabingwa wanne, mmoja mmoja, kwa siku 20. Mikono 120,000. Ilimaliza ikiwa mbele kwa zaidi ya dola milioni 1.7 za mezani. Libratus haina macho. Haikujua nani anatoka jasho, nani anatafuna kucha. Ilichopokea ni karata na madau basi. Na yenyewe haikuwa na uso wa kusomwa.

Ilikuwa pia na tabia iliyowasumbua sana wale mabingwa, ya kuweka dau kubwa kuliko mzigo wenyewe, mara kadhaa ya mzigo, wakati mwingine ikiwa na karata nzito na wakati mwingine na hewa. Wao walizoea meza ambazo watu wanaweka nusu ya mzigo au robo tatu.

Hapo ndipo penye kiini cha uzi huu. Dau ni swali lenye bei. Mtu akiweka, usijiulize tu ana nini. Jiulize amekutajia bei gani, na anataka ulipe au ukimbie?

Bei yenyewe ni hesabu ya darasa la sita. Mzigo una 1,000. Akiweka 500, unalipa 500 ili upate 1,500, kwa hiyo ukishinda mara moja kati ya nne hujapata hasara. Akiweka 1,000, unatakiwa ushinde mara moja kati ya tatu. Akiweka 2,000, mara mbili kati ya tano. Geuza upande wake: anayepiga mkwara wa 500 kwenye mzigo wa 1,000 anahitaji ukimbie mara moja kati ya tatu ili mkwara ujilipe. Wa 1,000, nusu ya mara. Ukiwa mtu wa kukimbia kila ukitishwa, unamfadhili.

Kwenye mkono wa fundi nililipa 11,000 kwa 25,900 zilizokuwa mezani, yaani nilihitaji kuwa sahihi kama mara tatu kati ya kumi. Je, fundi angepiga mkwara mara tatu kati ya kumi kwa namna ile? Hata moja. Nilinunua kitu ambacho hakikuwepo dukani.

#5 mama_kopa

Nimecheka hapo kwenye nauli ya bajaji. Lakini kaka, hiyo inafanya kazi kwa sababu unamjua fundi. Mimi nacheza mtandaoni, watu majina tu na picha za paka. Nitamjuaje mbahili?

#6 KarataTano

Dada, mtandaoni ndiko kunakofundisha zaidi, maana huna pa kukimbilia isipokuwa madau.

Kuna binti wa Norway, Annette Obrestad. Mwaka 2007 alicheza shindano la mtandaoni la watu 180 akiwa ameziba karata zake asizione, akachungulia mara moja tu katika shindano zima. Akashinda. Mwaka huohuo akiwa na miaka 18 akachukua shindano kuu la WSOP (mashindano ya dunia ya poka) la Ulaya, London, pauni milioni moja. Sisemi uzibe karata zako, utaliwa mpaka simu. Nasema fikiria alibaki na nini: nani amekaa wapi, nani kaweka kiasi gani, nani kanyamaza baada ya kuweka. Hivyo tu vilimtosha kuwapita watu 179.

Nami ninachofanya ni hiki, na ndicho ningependa mtu aondoke nacho hata kama mengine hakuyasoma. Mkono ukiisha na karata zikafunuliwa, usiangalie nani kashinda. Rudi nyuma. Huyu aliyefunua jozi ya 8, kabla ya flopu alifanya nini? Kwenye flopu aliweka nusu au theluthi? Alipanda lini? Fanya hivyo hasa kwenye mikono ambayo wewe hukuwemo, wakati wengine wanachukua simu na kuagiza soda. Nusu saa ukifanya hivyo, zile picha za paka zinaanza kuwa na tabia.

Mhasibu mmoja wa meza yetu nilimjua hivyo. Akiwa na karata nzito mwishoni anaweka dau dogo, theluthi ya mzigo, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Anaomba alipwe. Akiweka dau la mzigo mzima, alikuwa anasubiri flashi na haikuja. Nimemlipa mara nne kwa dalili hiyo, mara tatu nimepata. Ile ya nne nadhani alishashtuka.

#7 Chabo

Hapo naomba nikupinge mkuu. Mimi kwenye meza yangu (Mombasa, watu wazima, mchezo mdogo) ni kinyume kabisa. Dau dogo mwishoni ni la mtu mwenye karata ya wasiwasi, anaogopa usije ukaweka kubwa, basi anaweka dogo mwenyewe kwanza kama mtu anayefunga mlango na kiti. Na dau kubwa la mwisho ni karata kweli. Ukifuata hiyo kanuni yako kwetu utarudi kwa miguu.

#8 KarataTano

Hunipingi, umenisaidia. Sikutoa kanuni, nilimwelezea mhasibu. Kwa mtu nisiyemjua naanzia ulikosema wewe: dogo la mwisho ni kiti mlangoni, na mtu mpole akipandisha kwenye karata ya mwisho natupa bila kuaga, maana kwenye meza ndogo watu wachache sana wana moyo wa kupandisha pale kwa hewa. Kisha nabadilisha kadiri karata zinavyofunuliwa.

Lakini ukubwa wa dau peke yake ni neno moja. Unatakiwa usome sentensi yote. Hadithi yake, tangu kabla ya flopu, inashikamana?

Chukua mkono ambao wapenzi wa poka wote wameutazama. WSOP 2003, Las Vegas, watu 839 walianza, wamebaki wawili: Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee (ndiyo, hilo ni jina lake halisi), aliyeingia kwa kushinda nafasi kwenye shindano dogo la mtandaoni, na Sammy Farha, mkongwe wa meza za pesa kubwa. Moneymaker ana K ya shupaza na 7 ya kopa. Farha ana Q ya shupaza na 9 ya kopa. Flopu: 9 ya shupaza, 2 ya uru, 6 ya shupaza. Farha ana jozi ya juu. Ya nne: 8 ya shupaza. Sasa mezani kuna shupaza tatu. Farha anaweka dau, Moneymaker anapandisha, Farha anafuata. Ya mwisho: 3 ya kopa, haimsaidii yeyote. Moneymaker anasukuma zote akiwa hana hata jozi.

Angalieni hadithi aliyosimulia. Alipandisha pale pale shupaza ya tatu ilipotua, hakusubiri. Mtu aliyepata flashi angefanya hivyohivyo. Na mwisho akaendelea na sauti ileile. Haina shimo. Farha alifikiri sana, akasema kwa sauti kwamba bila shaka flashi imemkosa mwenzake. Alikuwa sahihi kabisa! Kisha akatupa. Usomaji alikuwa nao mdomoni, ila ile bei, ya kuhatarisha shindano la dunia kwa jozi moja ya 9, ikamshinda. Moneymaker akaondoka na dola milioni 2.5, na wahasibu wa dunia nzima wakafungua akaunti.

Upande wa pili ni kimya. Fainali ya WSOP 1988, Johnny Chan na Erik Seidel. Flopu inatoka Q, 10, 8, Chan ana J na 9, mfululizo uliokwisha kamilika. Hakupiga kelele. Akapita. Seidel mwenye jozi ya Q akaona mlango uko wazi, akasukuma zote, na Chan akachukua taji la pili mfululizo. Kwa hiyo mtu anayejua kuweka madau akianza ghafla kupita, kupita kwake nako ni dau. Lisome.

#9 Ngalawa

Swali la mshamba. Hizi A mnazosema ndiyo ree? Sisi Unguja kwenye albastini tunaita ree.

#10 KarataTano

Ree hiyohiyo mkuu. Na kama umekulia kwenye albastini umeshazoea kukumbuka nini kimetoka na kukisia nani kabaki na nini. Poka inakuongezea bei tu.

Hilo la kukumbuka kilichotoka lina kazi hapa. Ree na K kabla ya karata yoyote kuonekana zinaweza kuungana kwa njia 16, ree mbili kwa njia 6. Ree moja ikitua mezani, ree mbili za siri zinabaki njia 3, na ree na K njia 12. Kwa hiyo ukiogopa kwamba jamaa ana ree mbili za siri wakati moja iko mezani, unaogopa kitu adimu. Hesabu njia za karata zinazokushinda, hesabu njia za mikwara yake, linganisha na bei. Mwanzoni inachosha. Baadaye unafanya wakati jamaa bado anapanga vidonge.

#11 mama_kopa

Haya mtaalamu, nisomee huu wa jana usiku. Nina 10 ya kopa na 10 ya pau. Jamaa (picha ya paka mweupe) ameanza kuweka kabla ya flopu, nimefuata, tuko wawili. Flopu J ya uru, 6 ya uru, 2 ya pau. Kaweka nusu ya mzigo, nimefuata. Ya nne 2 ya kopa, kapita, nami nikapita. Ya mwisho 9 ya shupaza. Kaweka mara mbili ya mzigo!! Nifanyeje?

#12 KarataTano

Umemwona akifanya nini kabla?

#13 mama_kopa

Mara mbili nimemwona ana A na K, anaweka kwenye flopu, anapita kwenye ya nne, halafu anatupa na kuzionyesha. Mara mbili ya mzigo sijamwona akiweka kamwe.

#14 KarataTano

Basi tusome. Mwenye J nzuri angeendelea kutoza kwenye karata ya nne, maana kulikuwa na uru mbili mezani na asingekubali usubiri flashi bure. Yeye alipita. Kupita kwake kunasema A na K, au jozi ndogo iliyoona J ikaogopa, au uru zilizokuwa zinasubiri zikachoka njiani. Ya mwisho ni 9, takataka. Halafu ghafla mara mbili ya mzigo? Hadithi ina shimo kubwa, gari linapita.

Ila bei nayo ni mbaya, unahitaji mara mbili kati ya tano, na 10 zako zinashinda mkwara tu. Mimi ningefuata, kwa shingo upande.

#15 Chabo

Mimi natupa. Meza ndogo, mtu hajawahi kuweka hivyo, leo kaweka. Kwaheri.

#16 mama_kopa

Nilifuata.

9 mbili.

#17 Chabo

😂😂😂 Jozi ndogo iliyoona J ikaogopa, umeiandika mwenyewe @KarataTano!

#18 KarataTano

Nimeiandika kweli, mistari miwili kabla ya kuiita ile 9 takataka. Kaanza kuweka na 9 mbili, kaweka kwenye flopu, J ikamtisha akapita, ya mwisho ikampa 9 ya tatu juu ya zile 2 mbili za mezani, fulhausi. Hakuna shimo popote, dada, nisamehe. Niliisoma ile karata kwa macho ya 10 zako, ndiyo maana nikaona haina kazi.

Ulilipa kiasi gani?

#19 mama_kopa

Dola tatu na senti. Ningekuwa kwenye meza yenu ningeona mkono wa paka unatetemeka.